Kidari cha Bunduki

Mume wangu alikuwa mwindaji hodari wa kila kitu isipokuwa kuua. Alijua njia za nguruwe wa msitu, alijua wanakokunywa maji na mti wanaojikunia, lakini akifyatua, nguruwe walikwenda zao, naye akarudi nyumbani na maelezo. Leo upepo, kesho risasi zimeshika unyevu, keshokutwa jani lilimpiga jichoni. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilizaliwa Muheto, kwenye vilima vya Masisi, ambako maharagwe ukiyafuata shambani hayakimbii. Niliolewa huku Walikale kwa ahadi ya nyama, nikaishia kula sombe, majani ya mihogo, mwaka mzima. Sombe si mbaya. Lakini nguruwe wale wale walikuwa wanachimba mihogo yangu, na mimi nina hasira za karibu.

Lakini kumsema mume wangu peke yake ni kumwonea. Asubuhi moja nilitundika bidoni ya njano, dumu tupu la mafuta, kwenye mpapai, nikamwambia apige. Akalala chini, akalenga taratibu kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, akapiga bati la choo. Akarudia, akapiga bati lile lile. Mdogo wake akaichukua bunduki kwa madaha, naye akapiga choo. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha tunakwenda chooni na mwavuli, na hakuna tena aliyebisha kwamba ugonjwa uko kwenye bunduki.

Ilikuwa bunduki ya baba mkwe, aliyeiacha alipofariki. Mtutu ulipinda kidogo siku alipoanguka nayo akivuka mto, na kwa ndani kutu ilikuwa imeshakula. Mume wangu alitaka itengenezwe. Mimi nilitaka mpya. Kwetu jembe likiisha limeisha, hatulikalii matanga. Nilisema nitauza mbuzi wangu wawili nilioletewa kutoka nyumbani, tununue bunduki yenye macho. Nilisema kwa sauti ya kutosha kufika jikoni kwa mama mkwe, maana nyumba yake iko hatua kumi kutoka kwangu, na nilijua kwamba asiyetaka bunduki mpya ni yeye.

Hapo lazima nieleze habari ya nyama. Katika ukoo wa mume wangu, mnyama akianguka hagawanywi ovyo. Kichwa ni cha mkubwa wa ukoo, shingo ni ya aliyembeba, na kidari ni cha bunduki. Bunduki haina mdomo, kwa hiyo kidari hukila mwenye bunduki. Baba mkwe alipofariki, mwenye bunduki akawa mjane wake. Kila mnyama aliyeangushwa, kidari kilipelekwa kwake kwenye sahani iliyofunikwa, na anayekipeleka hupiga magoti. Siku hizo za choo, sahani hiyo ilikuwa haijamfikia kwa miezi mingi. Mimi niliijua desturi hiyo kwa masikio tu. Nikajiambia kwamba bibi huyu anang'ang'ania bunduki mbovu kwa ajili ya kidari, na kidari ni nyama tu.

Basi siku ya soko nikanunua kidari cha nguruwe wa kufugwa, nikakipika kwa mawese na nyanya mpaka majirani wakaanza kunisalimia. Nikampelekea. Alifunua, akanusa, akaniuliza imepiga bunduki gani. Nikamwambia kwa furaha kwamba nimenunua sokoni. Akafunika sahani, akanirudishia mkononi bila hata kukunja uso. Afadhali angenitukana. Mume wangu alikila chote, na siku ile nilimchukia kwa jinsi alivyotafuna.

Wiki iliyofuata baba mdogo wa mume wangu, mkubwa wa ukoo, akaita kikao. Tulikaa uani: yeye, mama mkwe, mume wangu na mdogo wake, na mimi. Nilizungumza wa kwanza, kama kawaida yangu, na nilizungumza vizuri. Mbuzi ni wangu, natoa kwa moyo, bunduki itakuja, mihogo itapona, watoto watakula nyama. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwamba ngoma huvutia kwake."

Nikauliza ni ngoma gani. Mume wangu akaanza kuchunguza vidole vyake vya miguu. Mzee akanieleza polepole, akidhani najifanya sijui: bunduki ikinunuliwa kwa mbuzi wangu, mwenye bunduki ni mimi, na kidari kitakuja kwangu. Sahani itapita mbele ya mlango wa mama mkwe na haitasimama.

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Wiki zote hizo, kila nilipopaza sauti juu ya bunduki mpya, wao walisikia mwanamke anayetaka kumwondoa mjane kwenye kiti chake. Na kile kidari cha sokoni kilikuwa kimemwambia kwamba kuanzia sasa atakula kwa mkono wangu. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Mama mkwe hakuniangalia. Alisema, "Mimi siko nalilia nyama. Meno yangu imebakia ngapi? Ile sahani ikikuya, najua bado niko bibi ya Papa yenu."

Nikasema bunduki itengenezwe. Nikasema pia kwamba mbuzi mmoja atakwenda kwa fundi, na safari hii nilisema kwa sauti ndogo.

Fundi alikuja yeye mwenyewe, kwa sababu siku hizi bunduki ikitembea barabarani inaulizwa maswali mengi. Aliifungua juu ya mkeka, akachungulia ndani ya mtutu, akaguna. Mtutu haufai, akasema, na vyuma vya ndani havifai. Kitakachobaki ni kitako cha mti peke yake. Mume wangu akauliza kama hapo itakuwa bado ni bunduki ya zamani ama nyingine. Fundi akajibu kwamba hilo aulizwe pasta. Mimi nikawatazama kuku kwa bidii, maana chuma chote kilikuwa kinatoka kwenye mbuzi wangu.

Mama mkwe akainama, akaokota kile kitako. Akakigeuza, akaweka kiganja mahali ambapo mti ulikuwa umelainika na kung'aa.

"Bunduki yenyewe njo hapa," akasema. "Hapa shavu yake ilikuwa inalalaka. Ile ingine ni chuma."

Mzee akakubali, na mambo yakaisha hivyo. Bunduki ikafungwa mtutu mpya, na bado inavuta kushoto kidogo, ila siku hizi inalikosa bati la choo. Baada ya wiki tatu mume wangu akaangusha nguruwe jike mnene, na tumboni mwake nikaitambua mihogo yangu.

Kidari nilikipeleka mwenyewe, nikapiga magoti mlangoni. Mama mkwe akauliza imepiga bunduki gani. Nikamjibu, "Bunduki ya Papa." Akaitika kwa kichwa, akapokea. Nilirudi jikoni kwangu na moyo mweupe, ingawa sifichi kwamba kilikuwa kidari chenye mafuta mazuri.

Sufuria yangu haijachemka, nikamwona anakuja na sahani ile ile, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga jikoni kwangu. Nikajua nimekosea tena, ananirudishia. Akafunua. Kidari kilikuwa kimekatwa katikati, ameniletea nusu.

"Muti ni ya bwana yangu," akasema. "Chuma ni mbuzi yako."

Kisha akashika mwimo wa mlango, akaanza kupiga magoti. Nilimwahi nikapiga mimi, nikimsihi asimame, lakini alikataa kabisa kupeleka kidari akiwa wima. Tukajikuta chini sote wawili, sahani katikati, mimi nalia na yeye anacheka, mpaka mume wangu akaitwa aje kumwinua mama yake.