Siku Mama Alipozima Moto wa Maharage

Juzi pale Kilosa niliitazama treni ya umeme ikiingia bila moshi wala harufu ya mafuta, nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu Kimamba.

Behewa la petroli lilikuwa limeanguka karibu na nyumba zetu. Harufu kali ilitufikia jikoni, na watu walikuwa wakikimbia na ndoo kwenda kuchota. Mama alimwagia moto maji, maharage yakiwa hayajaiva.

"Dada yako yuko wapi?"

"Ameenda na ndoo."

Alitoka mbio bila kandambili. Nilidhani anaihofia ndoo, maana ilikuwa mpya. Mtaroni petroli ilielea juu ya maji kwa rangi za upinde wa mvua, nami niliiona nzuri sana.

Waliporudi, dada Rehema alinuka petroli hadi nywele. Nilisubiri achapwe. Mama alimwogesha kwa sabuni, kisha akamkumbatia huku akilia kimyakimya.

"Mama, humchapi?"

"Nyamaza, mwanangu. Amerudi."

Kisima chetu kilinuka mafuta kwa miezi mingi, tukawa tunachota maji mbali. Lakini hakuna cheche iliyoruka siku ile, na jioni tulikula sote.