Maneno sita yaliyomtoa Mama Tisini hewani

Saa tisa na nusu alasiri, Jumamosi, Mama Tisini anavua viatu na kuvisukuma chini ya meza. Hajawahi kutangaza mpira akiwa amevaa viatu, na ukimuuliza kwa nini atakujibu kwamba miguu nayo inataka kusikia mechi.

Kibanda cha matangazo ni cha mbao, juu kabisa ya jukwaa. Ndani mna meza moja, viti viwili na chupa ya maji ya uvuguvugu. Mbele ya dirisha, upande wa kushoto, imesimama nguzo nene ya zege inayobeba paa. Nguzo hiyo inaificha kona nzima ya uwanja. Aliyechora ramani ya jukwaa hili bila shaka hakuwa mpenzi wa redio.

Dakika ya kumi na mbili, mpira unapotelea nyuma ya nguzo. Mama Tisini anafumba macho. "Na ni konaaa!" anapaza sauti, na refa ndiyo kwanza anainua mkono.

"Miaka kumi na minne tuko wote humu ndani, na kona hajawahi kukosea," anasema fundi mitambo anayekaa naye bega kwa bega. "Majina ya wachezaji anakosea, tena sana. Juzi kamwita kipa kwa jina la kocha. Lakini kona? Thubutu!"

Siri yenyewe ni masikio. "Timu ya nyumbani ikipata kona, watu wanavuta pumzi kwanza," anaeleza mwenyewe wakati wa mapumziko, akikoroga maji yake kwa kijiko bila sababu yoyote. "Ukiwa mpira wa kipa, wanasema 'aah' kama mtu aliyemwaga chai. Mimi nimekulia kwenye sauti hizo."

Amekulia hapo kweli, wala si maneno ya kupamba. Nyuma ya ukuta wa uwanja huu kuna vyumba sitini na viwili vilivyobanana, na katika kimoja marehemu baba yake alikuwa kinyozi. Hela ya kiingilio haikuwepo. Basi binti wa miaka tisa alikuwa akisimama mlangoni mwa kinyozi, sikio ukutani, akiwasimulia wateja mechi ambayo hakuna aliyekuwa akiiona.

"Siku ya mpira chumba kilikuwa kinajaa," anacheka. "Mpaka wenye vipara walikuja kunyolewa! Baba anawauliza, 'Wewe nikunyoe nini?' Wanamwambia, 'Nyoa tu taratibu, tumsikilize mtoto.'"

Leo ana miaka arobaini na saba. Jina la Mama Tisini alipewa na wasikilizaji, kwa sababu hata timu ikifungwa sita bila, yeye huitangaza mpaka dakika ya tisini kwa moto uleule. Alianza redioni kama mpokea simu, akapanda pole pole. Hana gari wala ofisi yake, na mshahara wake, anasema, unafika tarehe ishirini ukiwa unachechemea.

Sasa tuje kwenye maneno sita.

Jumanne moja asubuhi, miezi saba iliyopita, tingatinga la halmashauri lilifika nyuma ya ukuta. Uwanja ulihitaji maegesho ya magari. Hapakuwa na barua wala tangazo. Watu walitoka nje na miswaki mdomoni, na kabla jua halijawa kali vyumba kumi na kimoja vilikuwa kifusi. Kimoja kilikuwa kile cha kinyozi, ambacho sasa alikuwa amepanga fundi cherehani mwenye watoto watatu.

Mama Tisini alikwenda kuona. Alirudi nyumbani, akakaa kitandani, akachukua simu yake mwenyewe na kuandika kwenye ukurasa wake mwenyewe: "Hata mchezaji anayetolewa huonyeshwa kadi kwanza."

Hakumtaja mtu, na hakuongeza neno. Akaenda kupika.

Alhamisi, maneno yale yalikuwa yamesambaa mji mzima. Wapangaji waliyaandika kwenye maboksi na kusimama nayo mbele ya halmashauri. Ijumaa mkuu wa vipindi akampigia simu: afute, kisha asome maneno ya kuomba radhi kabla ya mechi ya kesho yake.

"Nikamuuliza, 'Bosi, nifute nini? Hiyo si kanuni ya mpira?'" anakumbuka. "Akaniambia, 'Usinifanye mtoto, dada. Hiyo ni siasa.' Na kweli ilikuwa siasa, sitamdanganya mtu. Lakini ilikuwa na ukweli, na nyumba iliyolala chini ilikuwa ya baba yangu."

Mkuu wa vipindi naye si mtu mbaya, na hoja yake ina uzito. "Msikilizaji hamtenganishi mtangazaji na redio," anasema akiwa ofisini kwake, chini ya feni inayolia. "Akisema yeye, tumesema sisi. Kesho mwingine atakisifu chama chake, keshokutwa mwingine atakitukana. Redio ni ya wote."

Jumamosi Mama Tisini alifika kazini kama kawaida. Akaweka kitambulisho chake kwenye mashine ya getini. Mashine ikawaka taa nyekundu. Akajaribu tena. Mlinzi, ambaye kila wiki humuuliza nani atashinda, alikuwa akitazama chini.

"Dada, wamekizima," alimwambia. "Nimeambiwa asubuhi. Nisamehe."

Hivyo ndivyo alivyojua kwamba amesimamishwa kazi, baada ya miaka kumi na minne ya kutangaza. Barua haikuandikwa, na simu haikulia.

Nafasi yake alipewa msomaji wa taarifa za hali ya hewa. Jamani, yule bwana alijitahidi. Lakini mpira ulipoingia nyuma ya nguzo, alinyamaza, akakohoa, kisha akasema hewani, "Wasikilizaji, naomba radhi, hapa kuna nguzo." Mji ulicheka wiki nzima.

"Huyu anatangaza mpira au mvua?" aliuliza mama mkwe wa Mama Tisini, bibi wa miaka sabini na sita ambaye siku zote alikuwa akiiita kazi ya mkwewe "kazi ya kupiga kelele kwa watu wasiokusikia".

Lakini nyumbani hakukuwa na mengi ya kuchekesha. Nusu ya mshahara ilikatwa, na mumewe, fundi wa friji, alikuwa katika miezi ya baridi ambayo friji haziharibiki. "Nililia," anasema Mama Tisini bila kuona haya. "Nililia bafuni, maji nimefungulia, watoto wasisikie. Mimi bila mechi sijui Jumamosi inaanzia wapi."

Wiki ya nne, ujumbe ukaja: akifuta na kuomba radhi, Jumamosi anarudi hewani. Mumewe alimshika mkono. "Mke wangu, futa tu. Umeshasema, watu wameshasikia."

Akachukua simu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, anasema, na moyo wake ulikuwa umeshakubali. Mama mkwe alikuwa pembeni akichagua mchele, wala hakuinua kichwa.

"Futa, mwanangu," alisema. "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Jumamosi ukituambia ni kona, na sisi hatuoni, tutakuamini kwa lipi?"

Mama Tisini akaiweka simu mezani, kioo kikitazama chini. Jumamosi hiyo msoma hali ya hewa akatangaza tena.

Kikao cha nidhamu kiliitishwa wiki ya tano. Watu watatu, meza ndefu, chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Mashtaka yakasomwa kwa dakika ishirini. Alipopewa nafasi ya kujitetea, hakuwa na karatasi.

"Nina swali moja tu, waheshimiwa," alisema. "Mimi, kabla ya kutolewa, nilionyeshwa kadi gani?"

Mwenyekiti akakivuta kitabu cha kanuni za watumishi, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Imo humo, kwa maandishi mazito: hakuna mtumishi atakayesimamishwa kabla ya kupewa onyo kwa barua. Wahenga walishasema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Tulikuwa tumemfanyia kilekile alichokuwa akikisema," anakiri mkuu wa vipindi, akijisugua paji la uso. "Bado naamini alikosea kuandika. Lakini tulimfundisha yeye kanuni tusizozifuata sisi."

Uamuzi ulikuwa wa kati na kati. Alirudishiwa kazi na mshahara wake. Akapewa onyo la maandishi, kadi ya njano kama anavyoiita. Akakubali kutoizungumzia halmashauri akiwa kwenye kipaza sauti, ingawa tangu mwanzo hakuwahi kuizungumzia hapo. Maneno sita yapo mpaka leo palepale alipoyaandika.

Na ile barua ya onyo? Ameikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu mmoja wa meza ya kibandani, ambao kwa miaka yote ulikuwa ukicheza. "Imetulia sasa," anasema, na fundi mitambo anageuka pembeni kuficha kicheko.

Huku nyuma ya ukuta, vyumba hamsini na kimoja vilivyobaki vimepewa barua: miezi sita ya kuhama, na kikao cha fidia. Mama Tisini hajisifu. "Kumi na kimoja havikurudi," anasema, na sauti inamshuka. Fundi cherehani anashonea barazani kwa dada yake, na mvua ikinyesha anakunja kila kitu na kuingia ndani.

Miezi sita hiyo inaisha pamoja na msimu wa ligi, na hapo ndipo ulipo mpango wake. Ameandika ombi la ukurasa mmoja: mechi ya mwisho asiitangaze kibandani. Anataka kuitangaza kutoka nyuma ya ukuta, kwenye kifusi cha duka la kinyozi, haoni hata nyasi, kwa masikio tu, kama zamani. Wapangaji wameshaanza kugombea nani atamkopesha kiti.

Mkuu wa vipindi amelisoma ombi mara mbili. Alimwita ofisini, feni ikilia juu yao.

"Niambie ukweli, dada. Hii ni michezo au ni siasa?"

"Ni kona, bosi," alimjibu. "Wewe huioni tu."

Bosi alicheka, kisha akaacha kucheka. Ombi bado liko mezani kwake, hajalikataa. Mama Tisini ameshaanza kulala na dirisha wazi, ili masikio yazoee.