Vitanda Viwili vya Mgrivelea Mmoja

Karakana yangu ni banda la mbuzi. Mbuzi walihama, harufu yao ikakataa. Kwetu Matongo mura, yaani kijana, akionekana na nyundo watu wanajua anaelekea mashimoni kutafuta dhahabu. Mimi nilikuwa naelekea bandani, na rafiki zangu walinipigia kelele kutoka kwenye bodaboda: "Mura, hiyo mbao ukiikwangua sana itatoa dhahabu?" Nikawajibu itatoa. Niliishia kidato cha pili, lakini kuota hakudai cheti. Nilishaliona duka langu Tarime mjini, karibu na stendi, seti za chumbani zimepangwa kama mabibi harusi, na mimi mlangoni nimevaa suti, nikijifanya siwakumbuki wale wa bodaboda.

Ila seti ya kwanza ilikuwa ya mama. Alikuwa analala kwenye kitanda cha kamba kilicholegea katikati mpaka ukikilalia unatoweka. Asubuhi alitoka ameshika kiuno, amekunjika, kwa hiyo wa kwanza kusalimiana naye walikuwa kuku. Sisi tulisubiri anyooke. Kuna vitu mtoto akivitazama kila siku vinamchoma, hata kama anacheka.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mti wa mgrivelea alioupanda kwa mkono wake. Upepo ulipoulaza chini, aliuzunguka, akaupiga teke kidogo, akasema, "Mwanangu, nitengenezee kitanda kama cha mwalimu. Na kabati, na meza ya kioo. Vifanane, mtu akiingia ajue hivi ni ndugu."

Nikaupasua, nikazipanga mbao kivulini mpaka zikakauka vizuri. Nikachora kitanda cha futi tano kwa sita, kichwa chake kina maua. Ndipo baba akaja kusimama kwenye mlango wa banda. Baba akisimama mlangoni, mchana unaisha. Ni mtu mpana.

"Mura, hiki ni nini?"

"Kitanda cha mama, baba."

"Mama yupi?"

Hapo nikajua nimekwisha. Baba ana wake wawili. Mama ndiye mkubwa. Nyumba ya mama mdogo iko ng'ambo ya ua. Hawa hawagombani kwa maneno. Mama akinunua sufuria, ya mama mdogo inatoboka siku hiyohiyo. Kwa hiyo baba ana sheria moja tu: kinachoingia nyumba hii, kiingie na ile.

"Mbao ni za mti mmoja, baba. Zinatosha seti moja."

"Ng'ombe mmoja huwa tunamgawa ukoo mzima anatosha. Wewe mti unakushinda?"

Nilitaka kulia, nikaamua kupiga randa. Tano kwa sita ya mama ikafa pale pale. Nilichobaki kukilinda ni mgongo wake: kitanda kiwe kidogo, sawa, ila kimtoshe. Nikawaita wote wawili, nikatandika turubai uani, nikawaomba walale chali niwapime.

Mama mdogo akaanza kucheka. "Dada, tunapimiwa sanduku?"

"Tulia," mama akamwambia. "Huyu fundi akikosea atakupunguza miguu."

Sikuwahi kuwaona wamelala ubavu kwa ubavu, wanatazama mawingu. Nikapima urefu, nikapima mabega, nikaongeza kidogo pa kugeukia.

Vilitoka vitanda viwili vyembamba, vikabati viwili na meza mbili, maua yaleyale, vanishi ileile. Vioo nilivifuata Tarime, nikarudi navyo kwenye bodaboda nimevikumbatia kama wachumba wawili. Mama alipokaa kwenye kitanda chake hakutoweka. Alikipapasa ubavu, akanitazama, akasema tu, "Umekua." Nikatoka nje kukagua mbuzi ambao hawapo.

Zamu ya baba kulala kwa mama ilipofika, alitoka asubuhi akiwa na vumbi la sakafuni kwenye koti. Zamu ikahamia kwa mama mdogo. Akatoka anasugua kiwiko. Safari hii aliniita.

"Mura, ulipima nini?"

"Wenye vitanda, baba."

"Na mimi?"

Kweli kabisa: kwenye boma lenye mume mmoja na vitanda viwili, hakuna aliyemkumbuka mume. Hata mimi niliyechukua pua yake. Mama mdogo alikimbilia ndani, na tukamsikia akichekea kwenye mto.

"Vipanue," baba akasema. "Vyote."

Mbao za mgrivelea zilikuwa zimeisha. Ningeongeza mbao za mlingoti, yaani mkaratusi, na mlingoti una tabia ya kujikunja kama shemeji aliyenyimwa nyama. Kitanda cha mama kingerudi kuwa shimo. Nikachukua msumeno hivyohivyo. Baba ni baba.

"Weka chini," mama akasema. "Kitanda changu hakikatwi. Kimenitosha."

"Na mimi nilale wapi?"

"Baba watoto, miaka yote wewe umelala katikati. Mimi nilikuwa naning'inia pembeni kama koti."

Kutoka ng'ambo ya ua, dirishani, sauti ikadakia: "Hata huku!"

Baba alizitazama nyumba zake mbili. Hakuwahi kuzisikia zikisema kwa kauli moja. Nilimhurumia, wallahi, alionekana kama fahali aliyesahaulika mnadani.

Nikamtengenezea cha kwake, tano kwa sita, mlingoti mtupu, tukakiweka kwenye kibanda chake kando ya zizi. Hakifanani na chochote duniani, na kimeanza kujikunja. Yeye huwaambia wageni ndicho kikubwa kuliko vyote hapa nyumbani. Siku hizi zamu zimegeuka: yeye ndiye anayetembelewa na wake zake, na mgeni wake akishasalimia anarudi kulala kwake.

Mama anatoka asubuhi amenyooka, mikono haiko kiunoni. Anatusalimia sisi kwanza. Kuku wanasubiri zamu yao.