Pine ya Upande Yangu

Haya ingine inakuyaka na makosa. Ile yangu, batoto, ilikuya na pine, tairi ya gari. Mucheke tu, mi pia niko nacheka, lakini ile wakati uso iliniwaka moto.

Bwana ya binti yangu iko na gari ya zamani, anabebaka batu na mizigo toka kwetu Baraka mupaka Fizi ku mulima. Resori na amortiseri, vile vyuma vya kubeba gari ku mashimo, ni zile gari ilizaliwa nazo, hakuna yenye ilibadirishwaka. Na ile barabara yetu munaijua. Sasa kwetu mama mukwe na mukwe wake habaangaliane mu macho, habasemezane ovyo ovyo. Ni heshima. Nikipanda, nakaa nyuma ya mugongo yake kabisa, na yeye anageuza kioo ya dereva iangalie juu, asinione. Kila safari, kiti ile ile.

Njo pine ya mbele, ya upande yetu ile, ikaanza kuisha. Ya kule ingine iko na meno yake, ya huku imekuwa upara kama kichwa ya muzee. Akaweka ingine. Mvua hazijaisha, nayo upara.

Na mi siko mwanamuke mudogo. Bukari, ugali yetu, na ndagala za ziwa nakula vizuri. Siku moja jirani yangu, mwenye kuuzisha ndagala, akaona gari mbele ya lupango, kiwanja ya nyumba yangu, akapiga mikono:

"Mama we! Hii pine inaomba musamaha!"

"Inaomba ku nani?"

"Ku matako yako, dada! Si kiti yako iko upande ile?"

Bamama benye kupita bakacheka, na mi nikacheka kuwapita, ili kuficha haya. Lakini neno ikaniingia. Kumbe ni mi niko namalizia mukwe wangu mapine! Nitamuuliza namna gani? Na yeye, nani anaweza kuambia mama mukwe wake eti we uko muzito? Nikapunguza bukari. Mu gari nikaanza kukalia tako moja, nimejisukuma katikati, mupaka mugongo ikauma kweli. Bure. Pine inaisha tu. Nikaacha kupanda.

Kisha binti yangu akazaa kule Fizi, mutoto mwanamuke, wa kubeba jina yangu. Kwetu mwenye jina njo anamubeba na kumuita mara ya kwanza mbele ya batu. Mi nisipofika, anabaki "mutoto" tu. Mukwe akashuka kunitafuta. Nikatoka na kifurushi yangu, nikaangalia pine: upara tena. Nikarudi nyuma ku jirani.

Nikanongoneza jirani: "Umwambie nitapanda motari."

"Ule muili mupaka Fizi na pikipiki? Unataka kuua na pikipiki?"

Akaenda akasema yote! Mbele ya batu, na sauti ya kuuzisha ndagala: eti mama yako anaogopa kukula pine yako.

Mukwe akazunguka gari. Akafungua tu mulango ya nyuma, akaangalia chini. Nikapanda. Badala ya kupanda mulima, akasimama ku fundi. Fundi akachutama, akapitisha mukono ku pine.

"Upara ni ya upande ya ndani tu, inje iko na meno: hii si uzito. Magurudumu ya mbele, kila moja inaangalia njia yake. Ni sawa viatu vyenye kuisha upande moja. Tufanye paralelisme, tuyanyooshe yaangalie njia moja."

Nikataka kushuka, fundi akakataza: "Hapana, mama! Resori zimechoka, zinashuka batu bakipanda. Nitapima gari na batu yake. Ukae pale unakaaka."

Haya juu ya haya! Nimefungwa mu gari na mukwe wangu, bapita njia banasimama, fundi anavuta kamba toka gurudumu ya nyuma mupaka ya mbele. Mukwe shingo imekauka, anaangalia mbele. Njo akasema:

"Fundi, umwambie mama, sikusemaka ni yeye anamalizaka pine. Nilifikiri anaacha kupanda sababu anaona haya na gari yangu."

Fundi, toka chini: "Mama, umesikia?"

"Umwambie nimesikia. Umwambie tena, ile bukari niliiacha bure."

Gari ikatikisika. Ni mukwe, mabega inaruka. Tangu aoe binti yangu sikumusikiaka kucheka.

"Batu bawili munatingisha kamba!" fundi akalia. "Mutulie!"

Kupanda Fizi usukani haikuvuta tena upande yetu kama zamani. Lakini simu ya jirani ilitutangulia. Binti yangu akaniwekea mutoto mu mikono, akasema mbele ya bakwe bote: "Mama, umubebe katikati, asiishe upande moja." Uso ikaniwaka tena. Nikaita ile jina pole pole, na mutoto akapiga chafya.

Sasa nikipanda, kiti ni ile ile, kioo inaangalia juu, na wa jina yangu ananikaa ku mapaja. Ku mashimo namwambia: "Umwambie baba yako apunguze mbio." Hajui bado kusema. Lakini gari inapunguza.