Maharage Niliyoyaita ya Kishenzi

Nilikuwa karani kwenye kituo cha utafiti wa mimea cha Amani, kazi yangu kuandika vibandiko vya mbegu na majani makavu. Kilatini sikukijua. Nilikinakili tu herufi kwa herufi, kwa mwandiko niliojivunia kuliko nilivyostahili.

Mwaka mmoja wakubwa wetu walitaka mbegu za maharage kutoka milimani. Nikamwomba mama mkwe wangu, aliyelima bondeni karibu na Lushoto, naye akanipa konzi moja. Maharage yale mekundu yenye madoa aliyarithi kwa mama yake. Kila mavuno alichagua yaliyonona, akayatia kwenye kibuyu juu ya jiko ili moshi uyalinde na wadudu. Kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Kwenye kibandiko cha maharage hayo niliambiwa niandike neno vulgaris. Lilifanana na neno la Kiingereza nililokariri shuleni, la kumsema mtu asiye na ustaarabu. Sikumuuliza mtu. Ningeulizaje, karani mzima?

Likizo ilipofika nikaenda ukweni na mke wangu. Majirani walikuwepo. Nilipokwisha kuamkia, mama mkwe, aliyeketi pembeni kama ilivyo adabu mbele ya mkwe, akaniuliza:

"Haya baba, wasomi wamesemaje juu ya maharage yangu?"

Nilitaka majirani wajue mkwe wa nyumba ile ni mtu wa namna gani.

"Wameyaandika kwa Kilatini, mama. Maana yake, maharage ya kishenzi."

Jirani mmoja alicheka. Mama mkwe aliinuka, akaingia jikoni. Baadaye tukaletewa makande. Yalikuwa matamu, nikaongeza sahani ya pili, nikasifu kwa sauti.

Tulipokuwa tukirudi, mke wangu aliniambia bila kunitazama, "Umekula mbegu. Kibuyu ni kitupu."

Nilijitetea kwamba si mimi niliyeyapa jina lile. Huko Amani, hatimaye, nikamuuliza mzee mmoja aliyetunza mimea tangu enzi za Wajerumani. Alinishangaa.

"Vulgaris ni ya kawaida tu. Ya watu wote. Hata maharage ya Wazungu kwao yanaitwa hivyo hivyo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikakimbilia lile konzi nililopeleka, nikakuta limeshasagwa kwa majaribio.

Nikaomba ruhusa, nikapanda treni hadi Mombo, kisha lori hadi juu Lushoto. Nilimkuta mama mkwe akipalilia mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nikamweleza maana ya kweli, huku nimeinamisha kichwa. Nikasema neno lenyewe halikuwa tusi, kosa lilikuwa langu, sikujua. Alinisikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi.

"Mimi sikumkasirikia aliyeandika," akasema. "Yule hanijui. Wewe umekula kwangu miaka yote hii, baba, na bado uliamini."

Akainama, akaendelea kupalilia.