Miezi Bila Kukosa Swala

Kwenye nyumba ya wanawake huwezi kuficha damu yako. Siku usiposimama kuswali, wote wanajua umo mwezini, wala hakuna anayeuliza. Balaa langu lilikuwa kinyume chake: nilikuwa naswali mno.

Nina miaka arubaini na saba. Miezi kadhaa sikukosa swala hata moja, na mavyaa, mama wa mume wangu, macho yake hayalali. Alfajiri moja akanishika mkono tukikunja miswala.

"Hongera mwanangu. Mungu aliyekutoa salama mara ile atakutoa tena."

Yailahi! Mimba? Nilipozaa kitinda mimba damu ilikataa kusimama, na daktari alisema wazi nisibebe tena. Na mimi, zuzu, damu ilipopotea nikadhani nimeshakoma hedhi, nikaacha vidonge vya kuzuia mimba.

Chai nikaiacha mezani. Nikajitupia buibui nikashuka zahanati, nikipita watu mtaa mzima wa Kuze bila salamu, mimi! Sista akanipima. Hakuna mimba. Nikacheka, nikalia, nikaomba maji.

"Lakini bado, mama," akasema. "Umri huu damu hupotea ikarudi, na mimba hushika. Aliye chini ya hamsini hungoja miaka miwili mizima bila tone, ndipo aache kinga."

Vidonge vya zamani akavikataa kwa sababu ya presha yangu. Koili ya shaba, ile ya kutiwa kizazini, ingeniongezea damu. Kijiti cha mkononi kilinifaa, ila akanionya kwamba huivuruga damu, huja ipendapo. Nyumba nzima itaona, nikawaza. Basi na waone! Nikakunja mkono wa nguo.

Mume wangu, karani wa bandarini, nilipomwambia alisema, "Afadhali." Mama yake hatukumwambia. Akawa ananipikia uji wa pilipili manga kila asubuhi, nami naumeza kwa hasira.

Kisha damu ikaja. Adhuhuri wenzangu wakaswali, mimi nikabaki jikoni. Mavyaa akanifuata, machozi yamemjaa.

"Imetoka, mwanangu?"

"Haikuwepo, Mama! Wala haitakuwepo. Nimeweka kijiti. Sitaki kufa!"

Nilipayuka, kisha nikangoja matusi. Akaketi juu ya mbuzi ya nazi mpaka sufuria ikafurika. Hakuna aliyeinuka kuiepua.

"Siku ile ya kitinda mimba," akasema, "sanda yako niliinunua mimi. Imo kabatini mwangu hadi leo."