Pembe Isiyopaliliwa

Yamna mtarizi alikuwa na kawaida ya kusema na vitu. Alisema na sindano ikimpotea, alisema na unga ukikataa kuumuka, na zaidi aliusema ufunguo wa mlango wa mbele, ambao alidai ni mkaidi kuliko marehemu mumewe. Watu wa kichochoro chao pale Azemur, ndani ya ukuta wa zamani, walikwisha kumzoea. Ndivyo awavyo mtu aliyeachiwa nyumba kubwa, walisema. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Buazza, naye alikuwa Kasablanka akiuza matairi.

Nyumba hiyo ilikuwa imeuzunguka ua, na ua ulikuwa aibu tupu. Vigae vilikuwa vimeinuka, magugu yametokeza kila ufa, na kwenye pembe karibu na tundu la maji machafu palirundikwa kila kilichoharibika tangu harusi yake: kitanda cha chuma, makopo, sufuria isiyo na kitako. Mwezi wa Shaabani Yamna akateleza juu ya magugu akaangukia mkono. Hakuvunjika, lakini kesho yake Buazza alikuwa amesimama pale uani, ameushika mkono wa mama yake kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Mama, hapa si pa mtu kukaa peke yake. Njoo kwetu. Chumba kipo."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne. Lifti ipo."

"Na lifti ikigoma, mtanishusha kwa kamba kama kondoo wa Idi?"

Buazza akacheka bila kupenda. Kisha akautazama ua, kicheko kikamkauka.

"Basi tuahidiane. Nakuja Idi ndogo. Nikiukuta ua huu bado makaburi, nafunga mlango, ufunguo mfukoni, twende zetu. Nikikuta pa kukalika, sitakutajia tena habari ya kuhama."

"Umesema."

"Nimesema."

Yamna hakuwa na uwezo wa kuita fundi, wala hakutaka. Alikwenda kwa muuza zeituni, akaomba mabati matupu, yale madebe ya zeituni, ya kupandia, akayatoboa vitako kwa msumari na nyundo. Mchunga kondoo wa siku ya soko akamwachia gunia la samadi kwa malipo ya kitambaa cha meza alichomtarizia mkewe. Udongo aliuchukua mwenyewe mtoni, tope jeusi lililokauka, ndoo kwa ndoo. Miche aliiomba. Kila mlango aliogonga alitoka na kitawi kilichofungwa kwenye kitambaa kibichi: nanaa, rihani, shiba ile chungu ya kutia kwenye chai, luiza yenye harufu ya limau. Vipande vya vigae vilivyovunjika alivipanga chini upya, bluu na kijani, vikawa njia nyembamba inayopindapinda. Kitanda cha chuma akakisimamisha ukutani, mzabibu wa zamani uliokuwa ukitambaa chini upate pa kupandia. Chokaa akaitia nila kidogo, na ukuta ukawa na rangi ya mbingu baada ya mvua.

Jirani yake Hadda, mwanamke mnene mwenye mdomo usiopumzika, alipita kila asubuhi kukagua.

"Shoga, umekuwa bibi harusi? Mbona unajipambia nyumba hivi?"

"Najipambia nisiolewe na lifti."

Ramadhani ilipoingia kazi ilikuwa imebaki moja, ya yale magugu ya kwenye nyufa, hasa pale kwenye pembe ya tundu la maji, ambako yalishona mizizi kama uzi wa kamba. Alasiri moja akampigia simu mkwewe, Nuzha, mke wa Buazza, na katika mazungumzo akalalamika mgongo.

"Usiyang'oe, mama," Nuzha akasema. "Chemsha maji, tia chumvi konzi nzima, yamwagie. Siku mbili huyaoni tena. Mimi nimeona watu wanafanya."

Basi akachemsha.

Huko kwao kila mtoto anafundishwa, kabla hata hajang'oka meno, kwamba maji ya moto hayamwagwi chini kimya kimya, na penye tundu la maji ndiyo zaidi. Unasema kwanza: *Bismillahi, tumesalimu amri, mikono nyuma.* Unasema ili wenye mahali wasogee, wawatoe watoto wao njiani. Hawatajwi kwa jina jingine. Ni wenye mahali, basi. Yamna alikuwa akiyasema maneno hayo tangu utoto, hata anapochuja tambi, hata akiwa na homa.

Lakini siku hiyo simu alikuwa ameibana kati ya bega na sikio, mikono yote miwili ina sufuria, na Nuzha alikuwa akimsimulia habari ya jirani wa ghorofa ya juu aliyejifungia nje akiwa na taulo tu. Yamna akacheka. Akamwaga akicheka.

Maji yalishuka kwenye tundu yakipiga mluzi. Halafu mluzi ukakatika, na kutoka chini ikaja sauti nyingine, ndogo, ya pumzi inayovutwa ndani. Kila aliyelea anaijua. Ni ile pumzi ambayo mtoto aliyeumia huivuta, kifua kikajaa, mdomo ukawa wazi, na wewe unasubiri kilio.

Yamna akasubiri. Kilio hakikuja.

"Mama? Umenyamaza."

"Nipo," akasema, akaitua sufuria.

Magugu yakafa kama Nuzha alivyosema. Vigae vyote vikakauka, isipokuwa mahali pamoja kando ya tundu, palipobaki na umajimaji. Yamna alipapiga deki, akapafuta, akapamwagia majivu, na kila akirudi unyevu upo palepale. Mara ya kwanza hakuliona umbo lake. Aliliona alipokuwa amesimama ngazini na jua likiwa upande: kichwa, mgongo uliopinda, magoti yaliyokunjwa hadi tumboni. Urefu wake haukuzidi mkono wa Yamna.

Asubuhi iliyofuata bati la nanaa lililokuwa karibu na tundu lilikuwa limeharibika. Halikunyauka kwa kiu. Majani yalikuwa yamelegea, ya kijani kilichoiva, kama mboga iliyotolewa chunguni. Akayagusa yakamkatikia vidoleni, na yalikuwa ya uvuguvugu. Siku ya pili ikawa zamu ya rihani, bati linalofuata. Kisha shiba. Mabati yalikuwa yamepangwa kufuata ile njia ya vigae, kutoka kwenye pembe hadi kwenye mlango wa chumba chake, na kila alfajiri akiinuka kwa daku alikuta jingine limepikwa, na kila mara lilikuwa lile lililo karibu zaidi na mlango.

Akampigia Nuzha, akamwambia habari ya mimea tu. "Ni chumvi, mama," Nuzha akasema. "Imepita chini ya vigae." Yamna akaona hilo linaingia akilini. Lakini chumvi haipashi majani moto.

Akamwita Hadda. Hadda alisimama uani, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alimaliza kutazama kitu bila kukisemea. Kisha akamvuta Yamna hadi kichochoroni na kunong'ona.

"Ulisema maneno?"

"Nilisahau."

"Yamna."

"Nilikuwa nacheka, Hadda. Nuzha alinichekesha."

Hadda akajifuta uso kwa pindo la mtandio. "Umemuunguza mtoto wa watu."

"Ramadhani wao si wamefungwa?"

"Wakubwa ndio hufungwa. Mtoto mchanga afungwe kwa kosa gani? Wamefungiwa huko, huyu amebaki peke yake." Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza. "Wanafunguliwa usiku wa ishirini na saba. Wakirudi wamkute hivi, sitaki kuwa jirani yako."

"Unanitisha."

"Najitisha mwenyewe. Jikoni kwangu ni ukuta mmoja na pembe yako hiyo."

Yamna akarudi ndani, akakaa kwenye ngazi. Akawaza jambo moja tu: Buazza akija akakuta mabati yamekufa, atafunga mlango. Akimweleza sababu, ataufunga upesi zaidi. Kisha akaitazama ile alama kando ya tundu, akaona haya kwa kuwaza habari ya mlango. Mtoto wa jirani akiungua kwa mkono wako, unakwenda kukaa naye. Hiyo ndiyo adabu, na hakuwa na sababu ya kuigeuza kwa sababu jirani haonekani.

Akapiga magoti. "Mwanangu," akasema, "mimi ndiye. Sikukuona."

Akang'oa vigae vya pembe ile, vile alivyovipanga kwa jasho, akachimba udongo uliotiwa chumvi akautoa nje ya mji, akajaza tope la mto, laini na baridi. Hakupanda kitu. Kila alasiri aliweka kibakuli cha maziwa na kuskusi isiyotiwa chumvi, akakaa pale na tarizi yake, akasimulia lolote lililomjia: bei ya sardini, Hadda alivyogombana na muuza maji, hadithi ya jirani wa taulo. Maziwa yalipungua. Magugu yakarudi, membamba, ya kijani kibichi, akayaacha. Bati la mwisho, lile la luiza lililogusana na kizingiti chake, halikuungua; yale mengine akayapanda upya kwa vitawi vyake.

Lakini usiku wa ishirini na saba ulikuwa unakuja, na Hadda alimkumbusha kila siku, kana kwamba mtu anaweza kusahau siku ya kesi yake.

Ulipofika akachoma ubani, akajifunika shuka hadi kichwani. Kulipopambazuka akatoka akitegemea kukuta ukuta umepasuka. Ua ulikuwa mzima, kila bati mahali pake. Pale kando ya tundu palikuwa pakavu kabisa. Akataka kumshukuru Mungu, akateremsha macho, akaona kwamba nusura amkanyage. Ile alama ya maji ilikuwa imelala juu ya kizingiti chake, imejikunja, kichwa kimeuelekea mlango.

Hadda alipoambiwa alikwenda mwenyewe kukitazama kizingiti. "Basi hakuna aliyekuja kumchukua," akasema. "Hata huko kumbe mayatima wapo."

Siku ya Idi Buazza akaja peke yake, mikono imejaa visanduku vya keki. Alipoingia uani akasimama. Aligusa ukuta wa nila, akafuata njia ya vigae kwa ncha ya kiatu kama mtoto, akakisukuma kitanda kilichogeuka ngazi ya mzabibu.

"Hii yote umeifanya na nini?"

"Na takataka yako uliyoiita makaburi."

Akacheka. Kisha akaiona ile pembe. "Na hapa mbona hukupalilia?"

"Pana mwenyewe."

Akadhani ni mzaha. Yamna akaweka sinia ya chai na glasi chini ya mzabibu, na Buazza, kwa kutaka kumpumzisha mama yake, akasema leo atapika yeye. Akatia majani kwenye birika, akamimina maji yaliyokuwa yakitokota, akayazungusha kuyasuuza majani. Akayasuuza huku akisema, na hakumtazama usoni.

"Mama, ahadi ni ahadi, ua ni mzuri. Ila Nuzha amekwisha kutandika kitanda. Si habari ya ua. Uko peke yako humu. Ukianguka tena, nani atajua?" Na akiwa anasema hivyo akageuka, akainamisha birika juu ya tundu la maji kuyamwaga ya kusuuzia.

Hakusema maneno. Miaka ya ghorofani ilikuwa imemsahaulisha.

Yamna hakuwa na nafasi ya kupaza sauti. Alitupa mkono wake chini ya mdomo wa birika, maji yote yakamshukia mkononi.

Buazza akaipiga teke sinia akimkimbilia. Mvuke ulikuwa bado unapanda kutoka chini. Akaushika mkono ule, akaugeuza, akaugeuza tena. Ngozi ilikuwa nzima, si nyekundu hata. Na ilikuwa ya baridi, baridi ya maji ya kisima.

"Yalikuwa yanachemka," Buazza akasema taratibu. "Mama, yalikuwa yanachemka."

Yamna akaukunja mkono kifuani. Alikuwa bado anakisikia kile kiganja kidogo kilichoutangulia mkono wake, kikalala juu yake kabla maji hayajafika. Kisha akamweleza yote, tangu simu ya Nuzha. Alijua kwamba akieleza huenda akapakiwa garini kama kichaa, lakini uongo haukumjia.

Buazza alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama ile pembe muda mrefu. Magugu yalikuwa yamelazwa upande mmoja, kama penye mtu aliyejificha. Kisha akaokota vipande vya glasi zilizovunjika, akavaa viatu alivyovua kwa ajili ya chai.

"Nitamwambia Nuzha akunje kitanda," akasema. Akafikiri. "Njoo hata leo tu. Ule nasi, usiku nikurudishe."

Hilo Yamna alilipenda. Alikuwa amewakumbuka wajukuu. Akavaa joho lake jipya, akatwaa ufunguo, akamfuata mwanawe hadi mlango wa mbele. Buazza akatangulia kichochoroni. Yamna akainua mguu kuvuka kizingiti, na nyuma yake pindo la joho likavutwa.

Halikuvutwa kwa nguvu. Lilivutwa kama anavyovuta mtoto ambaye hajui kama unarudi.

"Mama?"

Yamna akasimama na mguu wake mmoja nje, kwenye jua, akitazama gari la mwanawe mwisho wa kichochoro. Akangoja kidogo, aone kama pindo litaachwa. Halikuachwa.

"Nenda, mwanangu," akasema, na akaurudisha mguu ndani. "Wasalimie. Mimi leo sitoki."